Mwenye gari anasema mchoro wangu wa Shosho ni wake kwa sababu alilipia rangi. Ni kweli?

FundiRangi_Kario
Jumatatu, saa 3:40 usiku

Wadau, habari za jioni. Kwa kawaida mimi husoma na kupita, lakini leo limenifika shingoni.

Mimi ni fundi wa rangi hapa Kariobangi Light Industries. Nachora nganya, yaani matatu zenye michoro. Sizungumzii kubandika stika zilizochapwa kwa mashine. Nachora kwa mkono, ebrashi ya kupulizia rangi kidoleni, kompresa ikinguruma mgongoni kutwa nzima, na jioni nikipenga kamasi inatoka na rangi ya siku hiyo. Kama umewahi kukwama kwenye foleni ya Jogoo Road ukaona basi lina sura nyuma inayokutazama kama inakudai, huenda ni mkono wangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2019 nilikaa miezi bila kazi, nikaanza kumchora bibi mmoja kwenye daftari la mistari, lile la kurasa 200 la watoto wa shule. Shosho amejifunga kitambaa kichwani, amevaa miwani ya jua ya vijana na akala za tairi, na mgongoni kabeba kiondo, mkanda umempita kwenye paji la uso vile akina shosho wa kwetu hubeba. Ila ndani ya kiondo hamna viazi. Mna spika mbili za matatu zimechomoza, waya unaburuta chini. Huyo ni nyanya yangu, mamake mama. Alikuwa akipanda gari alfajiri kwenda Marikiti kununua mboga, anawagombeza makanga wazime hizo kelele, halafu ukimtazama chini mguu unacheza. Nilijaza kurasa 14 za Shosho peke yake. Wakati wa kafyu mwaka 2020 nilipiga picha nne kati ya hizo nikaziweka Facebook. Watu wakacheka, zikapita.

Mwaka 2022 mwenye gari mmoja (simtaji, na gari silitaji, nyinyi wa Eastlands mtalijua tu) aliniletea basi jipya, bado linanuka gundi ya viti. Alitaka ubavu mmoja wanasoka, ubavu wa pili wanamuziki wa rap wa Marekani, na nyuma kitu ambacho gari lingine halina. Nikamwonyesha daftari. Alifunua kurasa moja moja, akaguna, akaondoka. Usiku akanitumia sauti WhatsApp. Ninayo mpaka leo: "Kijana, huyo shosho wako mweke nyuma, ajae kuanzia kioo mpaka bampa."

Tulipatana 90,000 kwa kazi yote. Alilipa 70,000 kwa M-Pesa, vipande vitatu. Zile 20,000 zilizobaki ni hadithi ya sungura na fisi. Karatasi hatukuandika. Kwetu hakuna anayeandika; ukitoa karatasi, mwenye gari anaona umekuja kumshtaki kabla hujapiga hata msasa.

Basi likapendwa. Mwaka jana nikaona makanga wake wamevaa fulana za Shosho, nikadhani ni sare. Wiki iliyopita nashuka Odeon, nakuta mchuuzi amezitundika ukutani, nyeusi na nyeupe, 1,200 moja. Kwenye kola kuna jina la duka la mtandaoni. Nikalitafuta. Wameandika kwamba mzigo wa kwanza wa fulana 300 uliisha na wa pili kama huo umeingia, na kwamba mchoro umebuniwa na mwenye gari "pamoja na timu yake". Timu gani? Tulikuwa mimi na kijana wa kunishikia ngazi. Na juu ya hayo kuna video ya muziki, msanii kasimama mbele ya Shosho karibu dakika nzima akirusha mikono.

Nilimpigia mzee. Akanijibu kwa upole kabisa: "Gari ni langu, rangi nililipia, picha ni yangu. Wewe ulikuwa fundi, ukalipwa." Nikakosa la kusema. Kusema kweli nililala nikijiuliza kama hana haki.

Kwa hiyo nauliza: ana haki? Na yule msanii je? Sitaki kutumia laki moja nikifuata elfu ishirini. Na kuna jambo moja zaidi. Kwenye basi, pembeni mwa bampa, nilikuwa nimetia sahihi yangu, ndogo kama njugu. Kwenye fulana haipo. Mtu alikaa mbele ya kompyuta, akaikuza picha, akaiona sahihi, akaifuta. Pesa zinaniuma, lakini huyo mtu ndiye anayeninyima usingizi.

MzeeWa58
Jumatatu, saa 4:15 usiku

Pole kijana, lakini mimi nimekuwa na magari mawili ya Buruburu kwa miaka mingi na nitakwambia upande wa pili. Gari likipakwa vibaya abiria hawalipandi, hasara ni ya nani? Likikamatwa na polisi kwa sababu ya michoro, faini inalipa fundi? Wewe huonekani. Ulikuwa Kariobangi ukinywa chai. Mwenye gari ndiye aliyebeba mkopo wa benki, na huo mchoro umepata jina kwa sababu gari limezunguka mjini asubuhi na jioni kwa mafuta yake. Kama ungebaki daftarini nani angemjua huyo Shosho?

Ila zile elfu ishirini akulipe. Kuweka jasho la fundi ni laana, na kufuta jina la mtu ni uchoyo usio na faida. Hilo sitamtetea.

KaraniWaMilimani
Jumanne, saa 12:50 asubuhi

Naandika nikiwa ndani ya matatu kwenda kazini, mtanisamehe makosa. Mimi si wakili. Ni karani kwenye ofisi ya mawakili mwaka wa kumi na moja sasa, na kazi za hakimiliki zimepita mikononi mwangu za kutosha.

Kaka fundi, nitaanza na habari mbaya kwa sababu ndiyo wengi hawaijui. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema hakimiliki huanzia kwa mtunzi. Halafu inageuka papo hapo: ikiwa kazi imeagizwa na mtu, au imefanywa na mwajiriwa akiwa kazini, haki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa kama nyinyi wawili mlipatana vingine. Watu wengi huja ofisini wamesoma nusu ya kwanza tu. Kwa hiyo mzee wako hakusema upuzi. Mchoro uliopo kwenye bati la lile basi, aliuagiza na akaulipia (sehemu kubwa). Ukienda mahakamani ukililia mchoro wa basi, wakili wake atasoma kifungu hicho na kuketi.

Habari ya pili pia si tamu. Sheria hiyohiyo ina orodha ya mambo ambayo mwenye haki hawezi kuyazuia, na mojawapo ni kuingiza kwenye filamu kazi ya sanaa iliyopo mahali ambapo umma unaiona, hata kutoa nakala zake. Basi la abiria linaonwa na umma kuanzia alfajiri. Unaweza kubishana kwamba "mahali" si kitu chenye magurudumu, na ni ubishi mzuri wa kunywea chai, lakini mimi singekushauri uulipie. Msanii wa video mwache aende zake.

Sasa soma tena ulichoandika wewe mwenyewe. Shosho hakuzaliwa kwenye basi. Alizaliwa kwenye daftari mwaka 2019, na hakuna aliyekuagiza. Hakimiliki yake ilikuwa yako tangu kalamu ilipoinuka kwenye karatasi. Haihitaji kusajiliwa, na itadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Na kifungu cha 33 kinasema huwezi kuhamishiwa hakimiliki ya mtu kwa mdomo. Lazima kuwe na maandishi yenye sahihi ya anayeitoa. Mzee ana karatasi yenye sahihi yako? Umesema hakuna aliyeandika. Kule kutoandika kunakokutia hofu, hapa ndiko kunakokulinda.

Kwa hiyo alichopewa, kwa maneno yake mwenyewe, ni ruhusa ya kumweka "huyo shosho WAKO" nyuma ya gari. Sauti hiyo ni dhahabu. Neno moja tu, "wako". Usiifute, usibadilishe simu, usiuze simu. Ushahidi wa simu huja na masharti: kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza nakala ilitolewa kwenye kifaa gani na vipi. Nimeona kesi nzuri zikichechemea kwa sababu mtu alileta picha za skrini alizotumiwa na binamu yake.

Kuhusu jina: kifungu cha 32 kinakupa haki ya kutambuliwa kuwa ndiwe mtunzi, na haki hiyo haifuati hakimiliki inapohama. Hata kama mahakama ingesema basi lote ni la mzee mpaka matairi, kusema kwamba "timu yake" ndiyo iliyobuni bado ni kosa. Nimefika, nitaendelea mchana.

PichaTaratibu
Jumanne, saa 3:05 asubuhi

Mimi ni mpiga picha, na ninakuunga mkono. Lakini ruhusu nikuulize swali lenye mwiba. Wale wanasoka na wale wanamuziki wa ubavuni, ulichora kutoka wapi? Ulikutana nao?

Sikuulizi kwa ubaya. Kuna mwenzangu kule Marekani, Lynn Goldsmith, aliyempiga picha mwanamuziki Prince mwaka 1981. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lililipa dola 400 ili mchoraji maarufu Andy Warhol aitumie picha hiyo kama kielelezo, mara moja tu. Warhol alipomaliza ile moja akaendelea, akatengeneza nyingine kadhaa kimyakimya. Prince alipofariki mwaka 2016, kampuni ya Condé Nast ikachapisha mojawapo ya zile nyingine, ikawalipa wakfu wa Warhol dola 10,250. Goldsmith hakupata senti, hata jina lake halikuwekwa. Walipelekana mpaka Mahakama ya Juu ya nchi yao, na mwaka 2023 mama akashinda kwa kura 7 dhidi ya 2. Na huyo mshindwa alikuwa na jina la Warhol nyuma yake!

Sheria yao si yetu. Ninachosema ni kwamba nyuma ya lile basi wewe ndiwe Goldsmith, na ubavuni wewe ndiwe Warhol. Wakili mjanja wa mzee atakuzungusha gari lote.

MamaFulana_Gikomba
Jumanne, saa 7:20 mchana

Nimecheka hiyo ya kuzungushwa gari lote, lakini PichaTaratibu ana hoja.

Mimi nachapisha fulana. Ngoja nikupe la kazini. Kwanza nunua fulana moja leo, ulipe kwa M-Pesa usilipe taslimu, ihifadhi na ujumbe wake. Kelele zikianza mzigo utatoweka ukutani kwa dakika kumi, mimi nawajua hawa.

Pili, itazame fulana vizuri. Je, Shosho aliyepo pale ametolewa kwenye picha ya basi, au ametolewa kwenye zile picha zako za Facebook? Mchoro wa basi huwa umepinda kwenye kona za bati na kuna mstari wa mlango wa dharura. Mtu wa kompyuta hunyoosha, lakini hubaki alama. Kama hakuna alama yoyote, basi wamechukua daftari lako moja kwa moja kutoka mtandaoni.

Tatu nikuhuzunishe kidogo: hapa Gikomba tayari kuna shosho mwingine, amebeba redio kwenye kikapu, mnene, hana miwani. Huyo hamna la kumfanya, si ndiyo Karani?

KaraniWaMilimani
Jumanne, saa 7:45 mchana

Ndiyo mama. Wazo la bibi kubeba vyombo vya muziki ni la kila mtu. Kinacholindwa ni yule aliyechorwa, na miwani yake na akala zake. Yule mnene mwacheni auzwe.

FundiRangi_Kario
Jumanne, saa 2:30 usiku

Nimetetemeka. MamaFulana, nimenunua, na nimeiweka juu ya meza pamoja na daftari. Ukurasa wa 61. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto cha Shosho nilikikosea, kikatoka kama mguu wa kuku. Kwenye basi nilikirekebisha. Kwenye fulana ni mguu wa kuku! Wamenitoa Facebook, na mistari ya daftari wameisafisha.

PichaTaratibu, sitakudanganya. Wanasoka niliwatoa kwenye simu, na wanamuziki pia. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo ninavyomfundisha kijana wangu. Sikuwahi kufikiria kuna mtu nyuma ya kamera. Nimekaa na hilo jioni nzima na sijui nilifanyeje.

Karani, nifanye nini kwanza?

KijanaWaUmo
Jumanne, saa 3:10 usiku

Shtaki! Kule New York wachoraji wa ukutani walilipwa dola milioni 6.75 kwa sababu mwenye jengo alipaka michoro yao chokaa. 5Pointz, tafuta usome. Mwaka 2018. Wewe una fulana 600!

KaraniWaMilimani
Jumanne, saa 4:00 usiku

KijanaWaUmo, kesi hiyo ni ya kweli na hiyo hesabu ni ya kweli, michoro 45 ya wachoraji 21, na wakashinda rufaa mwaka 2020. Lakini walishinda kwa sheria ya Marekani ya 1990 inayokataza kuharibu kazi ya sanaa yenye hadhi, tena jaji alikasirishwa na jinsi mwenye jengo alivyopaka usiku kabla ya kesi kuisha. Usimpe mtu wa Kariobangi tarakimu za New York, atalala hospitalini. Mzee akiamua kesho kupaka basi upya, ni basi lake, na nganya hupakwa upya kila mara.

Kaka fundi, huo mguu wa kuku umenifurahisha kuliko kifungu chochote. Sasa hoja ya umma kuona basi haiwasaidii tena, maana hawakunakili basi.

Cha kwanza ni barua ya madai. Iwe fupi, yenye tarehe, itaje Shosho peke yake. Wanasoka usiwaguse hata kwa koma, unajua kwa nini. Eleza daftari, mwaka, ile sauti, kidole. Dai mambo matatu: jina lako, malipo ya zilizouzwa, na makubaliano ya zitakazouzwa. Nakala ipelekee duka la mtandaoni. Mara nyingi duka ndilo huogopa kwanza, kwa sababu halina uhusiano na wewe wala hasira na wewe.

Cha pili, sajili kurasa zile kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Ofisi iko Upper Hill, na siku hizi kuna njia ya mtandaoni. Nimesema haki haitegemei usajili, lakini cheti kikiwa mezani mazungumzo huwa mafupi.

Cha tatu, zile 20,000 ziache kando. Hilo ni deni la mkataba, hata wa mdomo, na una miaka 6 ya kulidai. Mahakama ya Madai Madogo inashughulikia madai ya mpaka shilingi milioni 1, unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Ukizichanganya na hakimiliki utaburutwa kwenye kesi ndefu na deni lako litazeeka huko.

MzeeWa58
Jumatano, saa 1:10 asubuhi

Mimi ningekwenda kumwona kabla ya barua. Mwenye gari akipata barua anaita wakili. Akipata mgeni anaita chai. Nenda na daftari.

FundiRangi_Kario
Ijumaa, saa 5:25 usiku

Nimefanya yote mawili. Barua niliiandika, nikaitia bahasha, nikaibeba mfukoni, nikaenda na daftari gereji. MzeeWa58, chai niliitiwa kweli, na mandazi mawili.

Sikugombana. Niliweka fulana mezani, nikafungua ukurasa wa 61, nikamwonyesha kidole. Alitazama fulana, akatazama daftari, akaita kijana wa ofisini kwake aje atazame. Kumbe kijana huyo ndiye aliyewapelekea watu wa duka picha, na ndiye aliyefuta sahihi kwenye picha nyingine walizotengeneza, alidhani ni uchafu wa rangi. Alidhani ni uchafu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwizi, nikakuta mtoto wa miaka ishirini ananiomba msamaha huku anatafuna kucha. Hasira yangu yote ikakosa pa kukaa.

Mzee alinyamaza kidogo, akaniuliza huyu bibi ni nani. Nikamweleza habari za nyanya na Marikiti. Akasema mamake pia alikuwa akibeba hivyo, akajishika hapa kwenye paji la uso.

Barua sikuitoa. Ameniletea karatasi hii leo jioni, anataka nitie sahihi kesho saa nne. Naiandika neno kwa neno:

"Mimi fundi nimemwachia mwenye gari picha ya Shosho kwa matumizi yote, kwa shilingi 80,000 pamoja na deni la 20,000, na sitadai tena. Jina langu litawekwa kwenye fulana."

Laki moja, wadau. Kodi ya nyumba nadaiwa miezi miwili, na mtoto anaingia sekondari. Nitie?

KaraniWaMilimani
Ijumaa, saa 5:40 usiku

USITIE. Bado uko macho? Usitie sahihi.

Mpaka leo mzee hana maandishi. Karatasi hiyo ndiyo maandishi ambayo kifungu cha 33 kilikuwa kinamngojea. "Nimemwachia kwa matumizi yote" ni kuhamisha. Ukisaini, kesho ukimchora Shosho kwenye gari la mtu mwingine, anayeshtakiwa ni wewe.

Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939, akaachia haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia kwa jina la simba aliyelala, mpaka kwenye filamu ya Disney, na yeye akafa maskini mwaka 1962. Wanawe walikuja kupata maridhiano mwaka 2006, na mlango waliopitia ni sheria ya kikoloni ya Waingereza ya 1911 iliyokuwa inarudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo. Wewe usipange kuokolewa na mlango wa namna hiyo.

Simwiti mzee mwovu. Huenda hajui tofauti, na anakutakia mema kwa laki moja. Badilisha kitenzi tu. Toa "nimemwachia", weka "ninamruhusu". Kisha useme ni juu ya nini, kwa muda gani, na kwamba wewe unabaki huru kuruhusu wengine. Deni liandikwe kwenye mstari wake, lisiwe bei ya Shosho.

MamaFulana_Gikomba
Ijumaa, saa 5:58 usiku

Na uweke kiasi kwa kila fulana, si bei moja. Fulana ya 1,200 rejareja, ukitoa kitambaa na uchapaji na mchuuzi, 80 kwako haitamuua mtu. Hesabu ichukuliwe kwa mchapishaji, sio kwa muuzaji. Muuzaji hajui kuhesabu akiwa ndiye anayelipa.

FundiRangi_Kario
Jumamosi, saa 8:15 mchana

Nimetoka huko sasa hivi. Nilikopi upya kwa mkono, usiku ule ule, kwenye karatasi ya fulskepu:

"Ninamruhusu mwenye gari kuchapisha mchoro wangu wa Shosho kwenye fulana na kofia kwa miaka 2. Mchoro unabaki wangu na ninaweza kuwaruhusu wengine. Jina langu liwe chini ya mchoro. Shilingi 80 kwa kila fulana au kofia, kwa hesabu ya mchapishaji. Kwa 600 zilizokwisha chapishwa, 48,000. Deni la kupaka gari, 20,000, ni mbali."

Mzee alisoma mara mbili. Akauliza kwa nini laki imekuwa 68,000, nikamwambia kwa sababu bado ni wangu. Alicheka, akasema nimeanza kuongea kama watu wa benki. Akatia sahihi, nami nikatia, kijana wa ofisini akawa shahidi, mkono wake ukitetemeka. Elfu ishirini imeingia pale pale. Ile 48,000 ni kwa mafungu matatu, la kwanza mwisho wa mwezi.

PichaTaratibu, wale wa ubavuni basi likirudi kupakwa upya nitawatoa. Nimeanza kuwachora makanga na wauza njugu wa steji yetu, wao nawaomba ruhusa ana kwa ana, na wengine wananidai soda.

Tulipokuwa tunaagana mzee akaniita kutoka mlangoni. "Kijana, huyu Shosho hana bwana?" Nikamwambia anaye, yuko kwenye daftari la pili. Akaniuliza liko wapi. Nikamwambia nimeliacha nyumbani.